Mpaka Uliokosa pa Kukaa

*Uingereza ilipojitoa Umoja wa Ulaya, wanasiasa wake waliahidi kwamba hakuna atakayeuona mpaka mpya. Mpaka ulikuja hivyo hivyo. Kilichobaki kikawa ugomvi wa wapi uwekwe.*

Ukiendesha gari kutoka Dublin kwenda Belfast, unaweza kuvuka kutoka nchi moja hadi nyingine usijue. Hakuna geti, hakuna bendera, hakuna askari wa kukuambia usogee pembeni ukaguliwe. Ukikaribia mji wa Newry, vibao vya mwendo vinaacha kilomita na kuanza maili, na mstari wa njano wa ukingoni mwa barabara unageuka mweupe. Basi. Mpaka wenyewe una urefu wa kilomita 500 hivi na njia za kuvukia zaidi ya 200. Unapita mashambani na mitoni, na pale kijijini Pettigo unapita chini ya daraja: ng'ambo moja ni Jamhuri ya Ayalandi, mwanachama wa Umoja wa Ulaya, ng'ambo ya pili ni Ayalandi Kaskazini, sehemu ya Uingereza.

Juni 23, 2016, Waingereza walipopiga kura ya kubaki au kutoka katika Umoja wa Ulaya, wengi wao hata hawakuufikiria mpaka huu. Kampeni zilihusu wahamiaji, fedha zinazopelekwa Brussels, makao makuu ya Umoja huo, na nani mwenye kauli ya mwisho juu ya sheria za nchi. Waliotaka kutoka walishinda kwa asilimia 51.9. Ayalandi Kaskazini yenyewe ilitaka kubaki, kwa asilimia 55.8, lakini kura zilihesabiwa kwa nchi nzima.

Miaka iliyofuata, kijistari hicho cha barabarani kilichangia kumwondoa waziri mkuu mmoja madarakani, kikazua fujo mitaani Belfast, kikalaza serikali ya jimbo kwa miaka 2 na kuzifanya soseji kuwa ajenda ya kidiplomasia. Somo lake linafaa kwa kila nchi iliyo ndani ya umoja wa kiuchumi na inayopigiwa debe itoke: anayetoka haulizwi kama anataka mpaka au hataki. Anaulizwa auweke wapi, na nani abebe gharama zake.

Kwa nini mpaka hurudi

Ndani ya Umoja wa Ulaya kuna mambo 2 yanayofanya lori litoke Lisbon hadi Warsaw bila kusimamishwa na forodha. La kwanza ni umoja wa forodha: nchi zote zinatoza ushuru ule ule kwa bidhaa zinazotoka nje, kwa hiyo bidhaa ikishalipiwa bandari moja imelipiwa zote. La pili ni soko la pamoja: kanuni za ubora, usalama na afya ni zile zile, kwa hiyo jibini iliyopasishwa Ufaransa haihitaji kupimwa tena Ujerumani.

Nchi ikitoka katika yote mawili, mwanya unafunguka. Mfano uliopigiwa kelele sana Uingereza ni ule wa kuku wa Marekani wanaooshwa kwa klorini, ambao Umoja wa Ulaya hauwaruhusu. Tuseme Uingereza, ikiwa huru kufunga mikataba yake, inaamua kuwaruhusu. Kuku huyo anashushwa Liverpool, anapelekwa Belfast, anavuka hadi Dundalk, upande wa Jamhuri, bila mtu kumgusa, na kutoka hapo soko lote la Ulaya liko wazi mbele yake. Brussels haiwezi kukubali hilo. Wala si chuki. Mfumo wowote wa forodha duniani, ukiwemo wetu wa Afrika Mashariki, unasimama juu ya kujua nini kimeingia, kimetoka wapi na kimelipiwa nini. Lazima pawepo mahali pa kumkagua kuku huyo.

Serikali ya London ilitaka mambo 3 kwa pamoja: kutoka katika soko la pamoja na umoja wa forodha, kutokuwa na ukaguzi kati ya Ayalandi mbili, na kutokuwa na ukaguzi kati ya Ayalandi Kaskazini na sehemu nyingine za Uingereza. Mawili kati ya hayo yanawezekana, yoyote utakayochagua. Matatu hayawezekani. Mazungumzo ya zaidi ya miaka 3 yalikuwa, kwa kiasi kikubwa, juhudi za kutafuta mtu wa kuambiwa kwamba moja kati ya hayo matatu halipo.

Kuweka ukaguzi nchi kavu lilikuwa jambo ambalo hakuna aliyethubutu kulitamka. Vituo vya forodha viliwekwa kwenye mpaka huo mwaka 1923, muda mfupi baada ya kisiwa kugawanywa, na kwa miongo mingi wakazi wa pande zote mbili walivusha siagi, nguruwe na sigara kwa njia za panya. Kisha ikaja vita ya chinichini iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuua watu wapatao 3,500. Minara ya wanajeshi ikasimama vilimani, barabara ndogondogo zikalipuliwa au kuzibwa kwa zege. Vituo vya forodha vilifungwa mwaka 1993 soko la pamoja lilipoanza; wanajeshi nao wakaondoka taratibu baada ya mkataba wa amani, Mkataba wa Ijumaa Kuu wa Aprili 10, 1998. Wakazi wa mpakani walirudishiwa barabara zao. Mwaka 2018, aliyekuwa mkuu wa polisi wa Ayalandi Kaskazini, George Hamilton, alionya kwamba kituo chochote kipya mpakani kingekuwa shabaha ya wenye silaha, na polisi watakaokilinda wangekuwa shabaha ya pili.

Waziri Mkuu Theresa May alijaribu kuondoa tatizo kwa kuiacha Uingereza nzima ndani ya aina fulani ya umoja wa forodha mpaka suluhisho jingine lipatikane. Januari 2019 Bunge lilikataa mkataba wake kwa tofauti ya kura 230. Likakataa mara ya pili, na ya tatu. May akaachia ngazi. Mrithi wake, Boris Johnson, alikutana na Waziri Mkuu wa Ayalandi, Leo Varadkar, Oktoba 2019, na ndani ya siku chache mkataba ukapatikana. Mpaka ulihamishiwa baharini. Ayalandi Kaskazini ingeendelea kufuata kanuni za Ulaya kuhusu bidhaa, na ukaguzi ungefanyika kwenye bandari zinazopokea meli kutoka kisiwa cha Britania, yaani kutoka sehemu nyingine ya nchi ile ile.

Johnson hakulisema hivyo. Mwezi mmoja baadaye aliwaambia wafanyabiashara wa Ayalandi Kaskazini kwamba mtu yeyote akiwaletea fomu ya kujaza kwa bidhaa zinazovuka bahari hiyo, wampigie yeye simu, naye atawaelekeza waitupe kwenye pipa la taka.

Lori moja bandarini Larne

Uingereza ilitoka rasmi Januari 31, 2020, na kipindi cha mpito kikaisha Desemba 31 mwaka huo. Asubuhi iliyofuata fomu zilikuwepo, na hazikuwa za kutupwa.

Chukua lori moja la kawaida linalopanda kivuko Cairnryan, Uskoti, kwenda Larne, Ayalandi Kaskazini, safari ya saa 2 hivi. Limebeba mchanganyiko wa dukani: maziwa, jibini, soseji, mikate yenye nyama, mifuko ya saladi, vyungu vya maua. Mwezi Desemba dereva alikuwa akishuka upande wa pili na kuendelea na safari. Mwezi Januari, mzigo mzima ulihitaji kuandikishwa forodha, na kila bidhaa inayotokana na mnyama au mmea, kwa kanuni kamili, ilihitaji cheti chake cha afya. Cheti cha bidhaa za wanyama husainiwa na daktari wa mifugo aliyeidhinishwa, na sahihi na mhuri lazima viwe vya rangi tofauti na ya maandishi yaliyochapwa. Mhuri mweusi juu ya maandishi meusi unatosha kurudisha mzigo. Na kwa kuwa lori limebeba mizigo ya watu wengi, kosa la mmoja linawasimamisha wote: sanduku la soseji lisilo na cheti linaziacha saladi zisizo na hatia zikauke bandarini.

Maduka makubwa yalipewa muda wa neema, yakasamehewa vyeti vingi kwa miezi kadhaa, na muda huo ukaongezwa tena na tena. Lakini mfanyabiashara mdogo wa Birmingham aliyekuwa akituma katoni 5 kwa wiki kwa mteja wake wa Belfast alipiga hesabu, akaona ada ya wakala wa forodha peke yake inameza faida, akaacha. Bidhaa fulani zilikatazwa kabisa. Umoja wa Ulaya haupokei nyama mbichi ya kusaga na soseji zilizopoozwa bila kugandishwa kutoka nchi zisizo wanachama. Sasa Britania ilikuwa nchi ya namna hiyo. Ndipo soseji zikapanda jukwaani. Katika mkutano wa mataifa tajiri huko Cornwall, Juni 2021, iliripotiwa kwamba Johnson alimuuliza Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa angejisikiaje kama soseji za Toulouse zingezuiwa kuuzwa Paris.

Udongo nao ukawa magendo. Kanuni za Ulaya hukataza kuingiza udongo kutoka nje kwa kuogopa magonjwa ya mimea, kwa hiyo mche uliong'olewa na mizizi yake Uingereza haukuweza kupandwa Belfast, na trekta lililotumika lililonunuliwa mnadani lilipaswa kuoshwa magurudumu lisivuke na tope. Mbegu za viazi za Uskoti, ambazo wakulima wa Ayalandi Kaskazini walizitegemea kwa vizazi, zilipigwa marufuku.

Kwa mtu wa London hayo ni usumbufu wa kibiashara. Kwa Mprotestanti wa mashariki mwa Belfast anayejiona Mwingereza kamili, ilikuwa ni kuambiwa kwamba kuna mpaka kati yake na nchi yake. Vitisho viliandikwa ukutani kuwalenga wafanyakazi wa bandari, na Februari 2021 wakaguzi wa Larne na Belfast waliondolewa kazini kwa muda. Aprili vijana walichoma basi mjini Belfast. Februari 2022 Paul Givan wa DUP, chama cha wenye mtazamo huo, alijiuzulu uwaziri kiongozi kupinga mpaka wa baharini, na serikali ya jimbo ikalala. Haikuamka hadi Februari 2024, wakati Michelle O'Neill wa chama cha Sinn Féin alipoapishwa kuwa waziri kiongozi wa kwanza anayetaka Ayalandi zote mbili ziungane.

Katikati ya hapo, Februari 27, 2023, Waziri Mkuu Rishi Sunak na Rais wa Kamisheni ya Ulaya, Ursula von der Leyen, walikuwa wamekubaliana mpango mpya uliopewa jina la Windsor. Bandarini pawe na njia mbili: ya kijani kwa bidhaa zitakazobaki Ayalandi Kaskazini, yenye makaratasi machache, na nyekundu kwa zitakazoendelea kusini. Ili kuzitofautisha, vyakula vikaanza kubandikwa lebo kwamba si vya kuuzwa Umoja wa Ulaya. Soseji zikaruhusiwa, mbegu za viazi pia, mche wenye udongo ukapata lebo yake. Mpaka ulipunguzwa makali. Haukuondolewa.

Kibali cha kuingia Kent

Ayalandi ndiyo iliyopata umaarufu, lakini mzigo mkubwa hupitia Dover, bandari inayoweza kuhudumia malori hadi 10,000 kwa siku na iliyobanwa kati ya bahari na majabali meupe. Haina nafasi ya kuegesha foleni. Serikali iliogopa kwamba dereva mmoja mwenye karatasi pungufu akifika getini, nyuma yake barabara kuu ya M20 itageuka maegesho. Suluhisho lilikuwa la ajabu: kuanzia Januari 1, 2021, kila lori kubwa linalokwenda Ulaya kwa njia hiyo lilihitaji kibali cha kuingia wilaya ya Kent. Asiye nacho alipigwa faini ya pauni 300. Kibali hicho kilifutwa Aprili, lakini kwa miezi kadhaa nchi iliyotoka ili idhibiti mipaka yake ilikuwa imejichorea mpaka mwingine ndani ya England yenyewe, njiani kutoka London kwenda baharini.

Kituo kikubwa cha ukaguzi kilijengwa Sevington, nje ya Ashford, kilomita 35 hivi kutoka bandarini. Ina maana lori la nyama linaloshukia Dover likitakiwa kukaguliwa huambiwa liendeshe lenyewe hadi huko, na maofisa wa afya wa bandari hawakuchelewa kuuliza ni nini kitakacholizuia kupakua njiani.

Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba kwa miaka 3 ukaguzi ulikuwa wa upande mmoja. Ufaransa na Uholanzi zilianza siku ile ile ya kwanza. Televisheni ya Uholanzi ilionyesha maofisa wa forodha wakiwanyang'anya madereva waliotoka Uingereza mikate yao ya nyama, kwa kuwa nyama ilikuwa imegeuka bidhaa ya kigeni hata ikiwa imefungwa kwenye karatasi ya chakula cha mchana. Uingereza yenyewe iliahirisha ukaguzi wa vyakula kutoka Ulaya mara 5, ikihofia kupandisha bei na kuacha rafu tupu. Wakulima wake walilalamika kwamba nyama ya Ulaya inaingia bila kuguswa huku yao ikipekuliwa Calais, upande wa Ufaransa. Vyeti vilianza kudaiwa Januari 2024, ukaguzi wa mizigo ukaanza Aprili 30 mwaka huo, na kwa mizigo ya vyakula inayopitia Dover na njia ya reli ya chini ya bahari, Eurotunnel, ikaja tozo ya hadi pauni 145. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza ilitaja gharama za miradi ya mipaka kuwa angalau pauni bilioni 4.7.

Aliyeukimbia mpaka huo alikuwa jirani. Kabla ya Brexit, yaani kujitoa huko, malori ya Ayalandi yapatayo 150,000 kwa mwaka yalipita nchi kavu ya Uingereza kufika bara la Ulaya, kwa sababu ndiyo njia fupi. Januari 2021 meli mpya zilianza safari kutoka Rosslare, kusini mwa Ayalandi, hadi Dunkirk, Ufaransa. Zinatumia karibu siku nzima baharini, lakini dereva analala, haandiki fomu, na anashuka akiwa bado yumo ndani ya Umoja wa Ulaya.

Sifuri isiyo sifuri

Mkataba wa biashara uliofikiwa Desemba 24, 2020, unasema hakuna ushuru wala ukomo wa kiasi cha bidhaa kati ya Uingereza na Umoja wa Ulaya. Wengi waliposikia hivyo walipumua. Walisahau kwamba sifuri hiyo ni ya bidhaa zenye asili ya pande hizo, na asili lazima ithibitishwe.

Duka la Marks & Spencer liligundua hilo kupitia pipi za watoto zenye umbo la nguruwe, Percy Pig. Pipi hizo zilitengenezwa Ujerumani, zikaingia Uingereza bila ushuru, na zilipotumwa tena Dublin zikatozwa ushuru. Hazikuwa zimefanyiwa chochote Uingereza cha kuzifanya za Kiingereza, na zilipovuka nje ya Ulaya zilipoteza haki ya kurudi bure, ingawa zilikuwa za Kijerumani tangu kuzaliwa. Mwaka huo kampuni hiyo ilitangaza kufunga maduka 11 nchini Ufaransa, kwa sababu vyakula freshi havikuweza kuvumilia safari mpya ya makaratasi.

Wavuvi walikuwa miongoni mwa walioshangilia zaidi Brexit, na ndio walioumia mapema. Kaa na kamba wa Uskoti huliwa zaidi Ufaransa na Hispania kuliko nyumbani, na huuzwa wakiwa wabichi au hai; siku moja ya kusubiri cheti ni siku moja ya kuoza. Januari 18, 2021, malori ya wauzaji wa samaki yaliegeshwa karibu na ofisi ya waziri mkuu London kupinga. Kome na chaza waliovunwa kwenye maji yasiyo safi kabisa walikataliwa moja kwa moja mpaka wasafishwe kwanza, na kazi hiyo hapo awali ilifanywa na wanunuzi wa Ulaya wenyewe.

Ofisi ya Wajibu wa Bajeti, taasisi huru inayoikadiria serikali ya Uingereza mapato na uchumi, inakadiria kwamba kwa muda mrefu biashara ya nje ya nchi hiyo, ya kuuza na ya kununua, itakuwa chini kwa asilimia 15 kuliko ingekuwa kama isingetoka, na tija ya uchumi itapungua kwa asilimia 4. Wanaoitetea Brexit wanayo majibu yao: London sasa inafunga mikataba yenyewe, iliingia katika jumuiya ya biashara ya Pasifiki Desemba 2024, na Rais Donald Trump alipotangaza ushuru wake mwaka 2025, bidhaa nyingi za Uingereza zilipangiwa asilimia 10 wakati za Umoja wa Ulaya ziliishia 15. Ayalandi Kaskazini nayo, kwa kuwa ina mguu katika kila soko, inaweza kuuza London na Paris bila kizuizi, na biashara yake na kusini mwa kisiwa imekua sana tangu 2021. Hoja hizo ni za kweli. Ila ya mwisho inaumiza: sehemu ya Uingereza inayojivunia biashara yake na Ulaya ndiyo ile ambayo, kwa bidhaa, haikutoka.

Waridi la Naivasha

Mpaka huu umefika hadi Bonde la Ufa. Kenya, tofauti na majirani zake wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, haimo katika kundi la nchi maskini zaidi ambazo Uingereza huzifungulia soko bila ushuru kwa hisani. Ilikuwa inauza London bila ushuru kwa mpango wa Umoja wa Ulaya, na Uingereza ikitoka, mpango unaondoka nao. Tanzania na Uganda hazikuwa na haraka; chai na kahawa yao ingeingia hata bila mkataba. Nairobi ilikuwa na wiki chache tu. Desemba 8, 2020, Kenya ilisaini peke yake mkataba na Uingereza mjini London, huku mlango ukiachwa wazi kwa wenzake.

Hapo jumuiya yetu ikaonja tatizo lile lile kwa mbali. Sisi nasi tuna umoja wa forodha na ushuru mmoja kwa bidhaa za nje. Mwanachama mmoja akikubali kupunguza ushuru kwa bidhaa za Uingereza, hata ikiwa taratibu kwa miaka mingi, bidhaa hiyo ikishuka Mombasa kwa bei ya Kenya na kuelekea Namanga, ofisa wa upande wa Arusha ana haki ya kuuliza imelipiwa nini. Swali la kuku wa klorini linaulizwa kwa Kiswahili.

Na bado mkataba haukuwalinda wakulima wa maua wote. Waridi likikatwa Naivasha asubuhi linapelekwa chumba cha baridi, linapanda gari hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na mengi hutua Amsterdam, kwenye mnada mkubwa wa maua wa Aalsmeer. Hapo mnunuzi wa Uingereza hulinunua na kulivusha kwa lori. Zamani safari hiyo ya lori ilikuwa ndani ya umoja mmoja. Baada ya Brexit, waridi lililouzwa Uholanzi na kuvushwa lilihesabika kuwa halikutoka Kenya moja kwa moja, wala si la Uholanzi kwa asili, likakutana na ushuru wa asilimia 8. Ua lile lile likiruka moja kwa moja hadi London halilipi kitu. Aprili 2024 serikali ya Uingereza ilisimamisha ushuru huo kwa miaka 2 kwa maua yote yaliyokatwa, hata yanayopitia nchi ya tatu. Nafuu kwa mkulima, lakini nafuu ya miaka 2 si msingi wa kupanda miche inayodumu shambani kwa zaidi ya hapo.

Kurudi bila kiti

Mei 19, 2025, Waziri Mkuu Keir Starmer na von der Leyen walikutana London na kukubaliana kutafuta mkataba wa afya ya mimea na wanyama. Ukikamilika, vyeti vingi vya soseji, jibini na miche vitaondoka, Dover na Larne kwa pamoja. Sharti ni kwamba Uingereza ifuate kanuni za Ulaya kuhusu vyakula, zikibadilika ibadilike nazo, na tafsiri ya mwisho ya sheria hizo iwe ya Mahakama ya Ulaya. Wavuvi wa Ulaya nao wakaongezewa haki ya kuvua katika maji ya Uingereza hadi mwaka 2038.

Wapinzani wa Starmer waliita huko kusalimu amri, na kwa maana moja wana hoja. Mwaka 2016 Uingereza ilikuwa na kiti mezani kanuni hizo zilipoandikwa, na kura ya kuzikataa. Sasa inaomba kuzifuata bila kiti wala kura, kwa sababu gharama ya kutozifuata imeonekana. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, lakini London inatafuta namna ya kuyaoga kidogo.

Wasomaji wa umri fulani hawahitaji kwenda Dover kuyaelewa haya. Februari 1977, Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Huko hapakuwa na njia ya kijani wala nyekundu. Palikuwa na kufuli. Wafanyabiashara wa Namanga na Taveta walioishi kwa kuvuka waliambiwa chanzo ni siasa za Dar es Salaam na Nairobi, na gharama wakalipa wao. Mali za jumuiya zilikuja kugawanywa kwa makubaliano ya Mei 1984, miaka 7 baadaye. Leo Mali, Burkina Faso na Niger, zilizojitoa ECOWAS, jumuiya ya kiuchumi ya Afrika Magharibi, Januari 2025, ziko kwenye meza hiyo hiyo zikijadili pasi za kusafiria, ushuru na haki ya raia wao kufanya kazi ng'ambo ya mpaka.

Nchi ina haki ya kutoka. Umoja usiotoka mtu ni jela, na Umoja wa Ulaya una mapungufu ambayo hata wanaoupenda hawayafichi. Lakini mwananchi anayeombwa kura ya kutoka anastahili kuonyeshwa, kabla ya siku ya kura na si baada yake, ramani yenye alama mahali ambapo ukaguzi utafanyika, orodha ya vyeti atakavyohitaji muuza samaki, na jina la atakayelipa. Waingereza walionyeshwa basi jekundu lililoandikwa kwamba nchi inapeleka Umoja wa Ulaya pauni milioni 350 kwa wiki. Mwanasiasa wa kwetu akisimama jukwaani kusema jumuiya inatunyonya na tutoke kesho, aulizwe jambo moja tu kabla ya kupigiwa makofi: kituo cha ukaguzi utakijenga wapi, na nani kati yetu ataamka alfajiri kupanga foleni hapo?